Ukishusha pikapu, usisahau valvu ya breki

Wengi wanaoshusha pikapu inchi mbili tatu hapa Unguja hutazama tairi na springi tu. Jamani, tazameni na breki za nyuma.

Hilux nyingi za zamani zina valvu iliyofungwa kwenye chasi na kuunganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo nyembamba ya chuma. Ukipakia mzigo, chasi inashuka, fimbo inasogeza valvu, na breki za nyuma zinaongezewa nguvu. Sasa ukishusha gari, valvu inadhani umebeba magunia ya karafuu, kumbe nyuma kutupu. Mvua ya masika ikinyesha, kanyaga breki ghafla: tairi za nyuma zinajifunga na mkia unateleza. Yamenikuta karibu na Mwera, nikaishia majanini. Alhamdulillahi hapakuwa na mtu. Mwambie fundi airekebishe fimbo hiyo siku hiyo hiyo, usikubali kuambiwa kesho.

Mbele, kama ina toshenibaa, yaani fimbo ya chuma inayojipinda badala ya springi, kazi ni kulegeza boliti yake ya kurekebishia. Inyanyue kwa jeki, tia alama ya rangi kwenye boliti, hesabu mizunguko, kulia na kushoto sawasawa. Ukiishusha kutoka kwenye jeki, isogeze mbele na nyuma kidogo kabla ya kupima, maana tairi zikitoka kwenye jeki huwa zimejibana na gari huonekana iko juu. Pima kutoka katikati ya ringi hadi ukingo wa madigadi.

Halafu ipeleke alaimenti, tairi zinyooshwe. Kama ni ya kubebea ndizi huko Pemba, kuishusha inchi moja inatosha kabisa.