Alama ya Asili ya Kijiografia: Kanuni Kwanza, Usajili Baadaye

Zao likishajulikana sokoni kwa jina la mahali linakotoka, jina hilo huanza kuwavutia hata wasiolima huko. Mfanyabiashara huchanganya mzigo halisi na mwingine wa bei nafuu, akaufungasha kwa jina lile lile, na mlaji akikuta bidhaa hafifu, lawama humfikia mkulima ambaye hata hakuiuza. Alama ya asili ya kijiografia ni kinga ya kisheria iliyowekwa kwa ajili ya hali hii, lakini vikundi vingi vya wazalishaji huikimbilia kama cheti cha kutundika ukutani, wakati kazi iliyo ngumu zaidi hufanyika shambani na katika mikutano yao wenyewe, kabla fomu yoyote ya usajili haijajazwa.

Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki za miliki bunifu, ulioanza kutumika mwaka 1995, unaitambua alama hii pale ambapo ubora, sifa njema au tabia nyingine ya bidhaa inatokana kwa kiasi kikubwa na eneo inakotoka. Sharti hilo ndilo msingi wa yote. Haitoshi kusema kwamba zao linalimwa kwetu. Ni lazima mwombaji aonyeshe kwamba udongo, hali ya hewa, mbegu ya asili au ustadi wa wenyeji umelipatia zao hilo kitu ambacho halikipati kwingine, au kwamba wanunuzi wamelijua kwa jina la mahali hapo kwa muda mrefu. Tofauti na alama ya biashara, hakuna mtu mmoja anayeweza kuimiliki na kuiuza. Kila mzalishaji aliye ndani ya mpaka, akifuata kanuni zilizokubaliwa, ana haki ya kuitumia, awe na ekari moja au mia.

Mfano unaofaa kuchunguzwa ni wa pilipili manga ya Penja nchini Kamerun, inayolimwa kwenye udongo wa volkano wa eneo la Moungo. Mwaka 2013 ilisajiliwa na Shirika la Miliki Bunifu la Afrika, OAPI, pamoja na asali nyeupe ya Oku kutoka nchi hiyo hiyo. Pilipili nyeupe ya Penja, yaani ile iliyoondolewa ganda, huvunwa punje zikiiva, hulowekwa majini kwa siku kadhaa hadi ganda lilainike, kisha husuguliwa, husafishwa kwa maji safi na kuanikwa juani. Kila hatua kati ya hizi inaweza kuharibu mzigo: punje zikichumwa mbichi hazimenyeki vizuri, na zikilowekwa katika maji machafu hutoa harufu mbaya ambayo hakuna kukausha kutakakoiondoa. Kwa hiyo kanuni za uzalishaji haziwezi kuishia kwenye kutaja eneo tu. Zinapaswa kueleza hali ya punje wakati wa kuvuna, maji ya kulowekea na namna ya kuanika, kwa maneno ambayo mkaguzi anaweza kuyathibitisha akiwa amesimama mbele ya karo la kulowekea. Baada ya usajili, bei aliyolipwa mkulima wa Penja ilipanda mara kadhaa; na kupanda huko kukavuta pilipili ya maeneo mengine iliyouzwa kwa jina la Penja. Kikundi kinachotazamia bei nzuri kijiandae pia kwa wadanganyifu watakaoifuata.

Ninashauri kwa mkazo kwamba kanuni ziandikwe na wazalishaji wenyewe, wakisaidiwa na wataalamu, na si kinyume chake. Anayeandika kanuni ndiye anayeamua faida iende wapi. Jina la tekila, kinywaji cha Meksiko kinachotokana na agave ya bluu, mmea wa jamii ya mkonge, limelindwa tangu mwaka 1974. Hata hivyo eneo lililoruhusiwa linaenea katika jimbo zima la Jalisco na sehemu za majimbo mengine manne, na kanuni zinaruhusu aina fulani ya tekila itengenezwe kwa sukari isiyo ya agave hadi asilimia 49. Jina limelindwa kweli, lakini mkulima wa agave, ambaye husubiri miaka mingi hadi mmea wake ukomae, ameendelea kuyumbishwa na bei zinazopanda na kuporomoka. Pale malighafi inapoweza kutoka popote, au sehemu yake ikabadilishwa na kitu kingine, ulinzi huishia kwa mwenye kiwanda. Kanuni zinazomjali mkulima hutaja waziwazi kwamba malighafi yote itoke ndani ya mpaka, na inapowezekana zinadai usindikaji nao ufanyike humo.

Mpaka wenyewe huzua ugomvi, na ni afadhali ugomvi huo uishe mapema. Ukichorwa kwa kufuata kata na wilaya ili kuwaridhisha viongozi, utaingiza mashamba yenye udongo usiofanana na kuliharibia zao sifa; ukibanwa mno, utawafungia nje wakulima ambao kwa vizazi wamelima zao lile lile kwa njia ile ile. Ramani ya udongo, mwinuko na mvua iwekwe mezani pamoja na ushuhuda wa wazee wanaojua zao lilikuwa likilimwa wapi.

Usimamizi ndio unaotenganisha alama hai na alama ya karatasi. Jibini la Parmigiano Reggiano la Italia hutengenezwa katika mikoa michache tu ya kaskazini, kwa maziwa ya ng'ombe wasiolishwa sileji, yaani majani yaliyovundikwa, na kila duara lenye uzito wa kilo 40 hivi hupewa namba yake tangu siku ya kutengenezwa. Likifikisha miezi 12, mkaguzi huligonga kwa nyundo ndogo kila upande, akisikiliza mlio unaoashiria ufa au tundu ndani. Lililofaulu hupigwa chapa ya moto; lililoshindwa kabisa hukwanguliwa maandishi yaliyozunguka ganda lake, lisiweze tena kuuzwa kwa jina hilo. Kikundi kidogo hakihitaji gharama za namna hiyo, lakini kinahitaji mambo yanayofanana nayo: orodha ya wanachama na mashamba yao, namba kwa kila mzigo, daftari la mavuno linaloweza kulinganishwa na mauzo, na mtu mwenye mamlaka ya kuukataa mzigo hata kama ni wa mwenyekiti. Mauzo ya jina yakizidi mavuno ya eneo, daftari litaonyesha.

Kwa upande wa sheria, anza nyumbani. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani niliotaja haulazimishi nchi yoyote kulinda jina ambalo halilindwi katika nchi ya asili yake, au ambalo limeacha kulindwa huko. Nchi isiyo na sheria maalumu ya alama za kijiografia mara nyingi huwa na njia ya alama ya pamoja, inayotumiwa na wanachama wa kikundi, au alama ya uthibitisho, inayoonyesha kwamba bidhaa imetimiza kanuni zilizowekwa, chini ya sheria ya alama za biashara, na njia hiyo inatosha kuanzia. Kuchelewa kuna hasara isiyorudishika: cheddar lilikuwa jina la jibini la kijiji kimoja cha Somerset, Uingereza, na leo ni jina la aina ya jibini linalotengenezwa duniani kote. Kinyume chake, chai ya Darjeeling ilikuwa bidhaa ya kwanza kusajiliwa kwa alama ya kijiografia nchini India, mwaka 2004, kisha ikapata ulinzi katika Umoja wa Ulaya mwaka 2011. Nje ya nchi, sajili kwanza kule mnakouza tayari, kwa kuwa kila usajili una ada na kila soko linahitaji mtu wa kulifuatilia.

Si kila zao linafaa. Kama wanunuzi hawalitofautishi zao lenu na la jirani, au kama wanachama hawajawahi kuuza pamoja hata msimu mmoja, fedha za usajili zitumike kwanza katika ghala, mizani na upangaji wa madaraja, na ombi lisubiri hadi kikundi kiwe na rekodi za misimu kadhaa za kuambatisha.