Kusomea bahari za kale ukiwa Dodoma: anzia kwenye chekeche

Mawe mengi ya Dodoma ni matale ya zamani mno, hayana kisukuku cha baharini hata kimoja. Lisikuvunje moyo. Mtafiti wa bahari na tabianchi ya kale hashindi melini. Muda wake mwingi unaishia kwenye sinki na hadubini.

Kidato cha tano, PCM (fizikia, kemia na hisabati) ndiyo inayofungua milango mingi. Shahada ya jiolojia ipo UDOM na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wenzako wengi watakimbilia field migodini, na si vibaya, lakini wewe omba pia nafasi kwenye maabara. Taasisi ya Jiolojia, GST, makao yake makuu yako hapohapo Dodoma. Usikwepe kemia na takwimu.

Kazi ya mkono yenyewe ni kupata foraminifera, viumbe vidogo vya baharini kama chembe za mchanga vyenye magamba ya chokaa; kemia ya magamba hayo ndiyo inayotunza kumbukumbu ya joto la bahari ya kale. Chukua gramu 30 hadi 50 za udongo wa mfinyanzi wa baharini, kausha kwenye oveni ya nyuzi 40, pima, kisha loweka usiku kucha. Usiruke kukausha: mfinyanzi mkavu ndio unaomumunyuka vizuri. Mwaga kwenye chekeche la mikromita 63, suuza kwa maji ya taratibu hadi yanayotoka chini yawe meupe. Usisugue kwa vidole. Maji ya mwisho yawe yaliyokenekwa; ya visima vya Dodoma yana chumvi, na chumvi hiyo huganda juu ya magamba.

Kabla ya sampuli inayofuata, osha chekeche na ulichovye kwenye rangi ya buluu ya methilini. Gamba lililonasa matunduni litatoka na rangi, utalijua kuwa si la sampuli hii. Wavivu huruka hatua hii, halafu wanashangaa kuona spishi za umri tofauti zikikaa pamoja.

Kosa jingine ni kuacha sampuli mbichi kwenye mfuko kwa wiki kadhaa. Mfinyanzi wenye piriti (madini ya chuma na salfa) hukutana na hewa, hutoa asidi ya salfuriki, na asidi hula chokaa. Utabaki na matope matupu.

Sasa okota magamba chini ya hadubini, kwa brashi namba 000 iliyoloweshwa kidogo. Tafuta gamba linalong'aa kama kioo. Jeupe kama chaki limejengwa upya kwa kalsaiti (madini ya chokaa) iliyoganda kwenye baridi ya sakafu ya bahari, hivyo litakuonyesha maji ya juu ya bahari yakiwa na baridi kuliko yalivyokuwa kweli. Ndiyo maana mfinyanzi uliochorongwa Kilwa na Lindi unathaminiwa: umehifadhi magamba ya kioo ya zaidi ya miaka milioni 34.

Maabara hupima, ndani ya magamba hayo, uwiano wa oksijeni-18 (nzito) kwa oksijeni-16 (nyepesi). Joto la maji likipanda nyuzi 1, uwiano hushuka takribani 0.2 kwa elfu. Lakini barafu ikiongezeka nchi kavu nayo huupandisha, kwa hiyo pima pia uwiano wa magnesi kwa kalsiamu, unaofuata joto zaidi.

Huna mashine? Pakua data za bure kutoka PANGAEA, hifadhi ya mtandaoni ya data za sayansi ya dunia, chora grafu kwa R au Python, lugha za programu za kompyuta. Ukimwandikia profesa kuomba nafasi ya uzamili, ambatanisha grafu hiyo pamoja na aya moja inayoeleza kipande usichokielewa.