Istilahi za uhakiki kwa kidato cha pili na cha tatu: kitu kwanza, jina baadaye

Fungua daftari la Kiswahili la mwanafunzi wa kidato cha tatu, iwe Uyole, Tukuyu au Mafinga. Mara nyingi utakuta orodha ndefu ya tamathali za semi, kila moja na maana yake na mfano mmoja ulioandikwa ubaoni. Mtihani ukija, anaandika: "Mwandishi ametumia tashbiha, tashihisi na takriri." Kisha anaweka nukta. Hana la kuongeza, kwa sababu alipewa jina kabla hajakiona kitu chenyewe.

Geuza mpangilio. Chagua istilahi tano kwa wiki, zisizidi hapo. Masomo mengi ya sekondari anayasoma kwa Kiingereza, hivyo maneno haya anakutana nayo kwenye kipindi chako tu. Ukimpa ishirini kwa mpigo, Ijumaa atabaki na mawili. Kwa kuanzia chukua tashbiha (kufananisha kwa "kama" na mfano wake), sitiari (kukiita kitu kwa jina la kingine), tashihisi (kukipa kitu sifa za mtu), takriri (kurudia neno au fungu la maneno) na taswira (picha inayojengwa kwa maneno).

Andika ubaoni kifungu kifupi kinachotoka mazingira yao, kwa mfano:

"Lori la mbolea lilianza kupanda mlima Kitonga alfajiri. Lilikohoa kama mzee mwenye pumu. Pembeni, korongo lilifungua kinywa, likangoja. Utingo alikuwa ameshashuka, jiwe mkononi."

Katika kipindi cha dakika 40, tumia 5 kusoma kwa sauti mara mbili. Dakika 10 zinazofuata uliza bila kutaja istilahi hata moja: Lori linafananishwa na nani? Korongo linafanya nini ambacho korongo haliwezi? Jiwe la nini? Mtoto aliyekulia kando ya barabara kuu atakwambia mara moja kwamba jiwe ni la kuzuia tairi lisirudi nyuma, na hapo darasa zima litaona kuwa kuna hofu, ingawa neno "hofu" halijaandikwa popote. Acha wabishane kidogo. Dakika 5 ndizo za kutoa majina: hili mlilolisema linaitwa tashbiha, lile tashihisi, na hiyo picha ya jiwe mkononi ni taswira. Sitiari na takriri hazimo humo. Zitungie kifungu cha kipindi kijacho. Dakika 15 waandike, na 5 za mwisho sahihisha sentensi mbili au tatu ubaoni.

Sentensi wanayoandika lazima iwe na vitu vitatu: jina la mbinu, maneno yenyewe kutoka kwenye kifungu, na kazi yake. Hivi: "Tashihisi katika 'korongo lilifungua kinywa, likangoja' inalipatia korongo subira ya mtu anayevizia, kwa hiyo msomaji anaingiwa na hofu kabla lori halijapata shida yoyote." Piga marufuku "inapamba lugha" na "inamvutia msomaji". Maneno hayo yanafaa kwa nukuu yoyote duniani, kwa hiyo hayasemi lolote kuhusu hii.

Neno "kama" litawaangusha. Wakishajua kwamba tashbiha hutumia "kama", watalipigia mstari kila wanapoliona: "kama mvua ikinyesha", "alifika kama saa mbili". La kwanza ni sharti, la pili ni makadirio. Na "Njombe kuna baridi kama Makete" ni ulinganisho wa kawaida, mahali na mahali. Tashbiha inataka vitu vya jamii mbili tofauti, kama lori na mzee. Tashihisi nayo ina mtego wake: "gari limegoma kuwaka" imezoeleka hata haimshtui mtu, hivyo isihesabiwe kuwa ufundi wa mwandishi bila sababu ya kutosha.

Majina haya mengi yana asili ya Kiarabu, na ndiyo maana yanaonekana mageni. Yaunganishe na ndugu zake wanaojulikana: takriri na kukariri, tashbiha na kushabihiana, taswira na sura, wasifu na sifa. Sitiari asili yake ni kuazima: unaliazima jina la kitu kimoja ukakivika kingine.

Dhamira na ujumbe huchanganywa mara nyingi. Kipimo ni sarufi: dhamira ni jambo linalozungumziwa, nalo hutajwa kwa neno au fungu la maneno ("rushwa katika ajira"), ujumbe ni sentensi kamili yenye kitenzi ("Rushwa huwanyima kazi wenye sifa"). Mwanafunzi akiandika ujumbe usio na kitenzi, mrudishie aukamilishe. Muundo na mtindo havihitaji muda mrefu: muundo ni jinsi kazi ilivyopangwa, mtindo ni namna ya kuisimulia. Kwenye ushairi muundo unahesabika: mishororo 2 kwa ubeti ni tathnia, 3 tathlitha, 4 tarbia, 5 takhmisa.

Usisahau vitenzi vya maswali, maana wengi huvisoma vyote kama "eleza". Bainisha: onyesha kipo wapi. Fafanua: panua kwa mifano. Linganisha: onyesha yanapofanana. Tofautisha: yanapoachana, na hoja zikae mbilimbili, si aya nzima ya upande mmoja kisha nyingine. Thibitisha: ushahidi kutoka kitabuni, kila hoja na wake. Jadili: pima pande zote.

Kwa marudio, kunja karatasi ya manila katikati mara nne, ikate kwenye mikunjo, upate kadi 16. Upande mmoja andika nukuu, upande wa pili jina na kazi yake. Darasa la 60 ligawe makundi 10 ya watu sita, kila kundi kadi moja, dakika 5 mwanzoni mwa kipindi: wanasoma nukuu, wanataja mbinu, wanaeleza kazi, ndipo wanageuza. Rudia kadi zilezile baada ya siku mbili, wiki moja, kisha wiki tatu. Kadi ambayo makundi mawili yameikosa usiiondoe kwenye marudio. Badilisha nukuu, jina liache lilelile.