Kwacha Mbili Zisikuchanganye: Somo la Kubadilisha Pesa Ukivuka Tunduma na Kasumulu

Habari zenu ndugu wanachama. Wenzetu watatu wanajiandaa kuvuka mpaka kwa mara ya kwanza: wawili wanafuata vitenge Zambia kupitia Tunduma, mmoja anakwenda Karonga, Malawi, kupitia Kasumulu. Wameniomba niwaelekeze mambo ya pesa. Mimi navuka Tunduma tangu duka langu la Mwanjelwa, Mbeya, lilipokuwa meza moja, na somo hili naliandika kwa moyo wote, maana safari yangu ya pili nilipoteza nauli ya kurudi bila kunyang'anywa na mtu. Pesa zilihesabiwa mbele ya macho yangu. Kilichoniponza ni kwamba nilifika mpakani siijui bei, na noti zenyewe sizijui.

Hatua ya kwanza: ijue bei ukiwa bado nyumbani

Kabla ya safari angalia viwango ambavyo Benki Kuu ya Tanzania hutangaza kwenye tovuti yake. Kwacha ya Zambia ipo, ya Malawi ipo, dola ipo. Andika kwenye karatasi. Hakuna duka litakalokupa bei ileile, lakini ukiwa nayo utajua umepunjwa kiasi gani.

Kisha elewa bei mbili. Duka lina bei ya kuuza, yaani wewe unapochukua kwacha, na bei ya kununua, yaani wewe unapozirudisha. Tuseme kwacha moja ya Zambia wanaiuza kwa shilingi 106 na wanainunua kwa shilingi 98. Ukitoa shilingi 500,000 unapata kwacha 4,717 hivi. Safari ikivunjika ukazirudisha zote siku hiyohiyo, mkononi mwako zinarudi shilingi 462,000 na ushee. Karibu 38,000 imekwenda na hujanunua hata fungu la nyanya. Ndiyo maana nawaambia: badilisha kile utakachotumia, usibadilishe mtaji wote kwa sababu tu umefika dirishani.

Hatua ya pili: chagua pesa ya kubeba

Kama mwisho wako ni Nakonde, mji wa Zambia unaopakana na Tunduma, shilingi inaweza kutosha; wafanyabiashara wengi pale wamekuwa wakiipokea, ila ulizia bei kwa shilingi na kwa kwacha, kisha piga hesabu ipi nafuu. Ukipitiliza kwenda Lusaka, shilingi inakuwa mzigo, kupata wa kuipokea ni shida. Huko nenda na kwacha ulizobadilisha mpakani, au dola. Kumbuka tu kwamba shilingi kwenda dola, halafu dola kwenda kwacha, ni kukatwa mara mbili.

Dola iwe safi: isiyochanika, isiyoandikwa kwa kalamu, isiyopigwa muhuri. Noti ya 100 mara nyingi hupata bei nzuri kuliko noti ndogo ndogo. Zile za zamani zenye picha ndogo ya kichwa usizipokee kabisa, hata akikupa rafiki, kwa sababu utazunguka nazo kila dirisha wanazikataa.

Hatua ya tatu: badilisha ndani ya duka lenye leseni

Ingia benki au duka la kubadilishia fedha lenye leseni, toa kitambulisho, pokea stakabadhi. Vijana wanaokupokea mlangoni mwa gari na burungutu mkononi waache wapite. Najua bei yao inavutia. Ndiyo iliyonivutia mimi.

Yule aliyenibadilishia alinihesabia noti taratibu, akanikabidhi. Nikahesabu, nikakuta zimepungua kidogo. Akaomba radhi kwa adabu, akazichukua, akaongeza noti mbili juu, akanirudishia. Nilipoona ameongeza, sikuhesabu tena. Kumbe wakati anaongeza juu alishachomoa za chini. Niligundua nikiwa upande wa Nakonde, naye hayupo. Kwa hiyo shikeni hili: mtu wa mwisho kuhesabu uwe wewe. Noti zikitoka mkononi mwako kwa sababu yoyote, hesabu inaanza upya, moja moja, hata kama foleni nyuma inaguna. Na utumie kikokotoo cha simu yako, si cha kwake.

Hatua ya nne: zijue noti

Zambia wana kwacha na Malawi wana kwacha, lakini thamani zao zimeachana mbali sana. Kwacha moja ya Zambia ni makumi ya kwacha za Malawi. Ukichanganyiwa noti chache za Malawi kwenye burungutu la Zambia, umepewa karatasi.

Soma maandishi: Bank of Zambia, au Reserve Bank of Malawi. Noti za Zambia utamkuta ndege furukombe. Za Malawi zina sura za watu, kama John Chilembwe. Kuna na kipimo kingine chepesi. Zambia walikata sufuri tatu tarehe 1 Januari 2013, kwacha 1,000 ikawa kwacha 1. Noti yao kubwa leo ni 500, nayo ilitoka Machi 2025 pamoja na ile ya 200. Basi mtu akikupa Nakonde noti ya kwacha iliyoandikwa 1,000, 5,000 au 50,000, ama ni ya Malawi ama ni ya Zambia ya kabla ya 2013. Irudishe palepale.

Hatua ya tano: kadi

Kabla ya kuondoka iarifu benki yako kwamba utaitumia kadi nje ya nchi, na uulize makato ya kila unapotoa pesa. Ukiwa kule, mashine ikikuuliza kama ukatwe kwa shilingi au kwa kwacha, chagua kwacha. Ukichagua shilingi, wenye mashine ndio wanaopanga bei ya kubadilisha, na huwa mbaya.

Saa nazo: Zambia na Malawi wako nyuma yetu kwa saa moja. Ukifika dirishani saa mbili asubuhi kwa saa ya Mbeya, kule ni saa moja.

Maswali ya wanachama

*Mama wa Uyole: Shikamoo dada. Mwanangu anapelekwa India kwa matibabu. Nitafute wapi rupia za India huku Mbeya?*

Marahaba mama, na Mungu amponye. Usitafute rupia huku; sheria ya India inaweka mipaka kwa mgeni kuingia nazo. Beba dola, ubadilishe huko na utunze stakabadhi, maana utadaiwa ukitaka kurudisha rupia zitakazobaki. Ukiingia na noti zinazozidi dola 5,000 unatakiwa kuzitaja forodhani. Kwa gharama za hospitali ni salama zaidi benki yako itume moja kwa moja kwenye akaunti ya hospitali, nawe ubebe za chakula na malazi. Na asikupe mtu noti ya rupia 1,000: ilifutwa Novemba 2016, pamoja na zile za 500 za zamani.

*Kijana wa Tukuyu: Dada, Malawi naambiwa bei ya benki na ya mtaani ni mbingu na ardhi. Nifanyeje?*

Ni kweli mdogo wangu, tofauti imekuwa kubwa, na kadi inakukata kwa bei ya benki, kwa hiyo kwacha unazopata ni chache. Lakini kubadilishia vichochoroni ni kosa huko, na mgeni ndiye anayekamatwa kirahisi. Ninachofanya mimi ni kukubaliana bei ya mzigo kwa shilingi na muuzaji wa Karonga kabla sijavuka Kasumulu, kwacha nabadilisha za nauli na chakula tu.

*Mwanachama wa Mafinga: Nikiwa na mzigo mkubwa wa pesa taslimu, mpakani watanisumbua?*

Zikifikia thamani ya dola 10,000 unapaswa kuzitamka kwa watu wa forodha na kujaza fomu. Kuzitamka si kunyang'anywa. Kuzificha ndiko kunakoleta balaa.

*Mama wa Uyole: Na kwacha zikibaki, nizihifadhi kwa safari ijayo?*

Za Zambia kidogo unaweza, zikitosha chai na usafiri wa kule. Za Malawi zimalize kabla hujavuka, nunua hata sukari. Novemba 2023 watu walilala dola ikiwa kwacha 1,180 hivi, wakaamka ni 1,700. Jirani yangu sokoni alikuwa na burungutu lake kabatini.