Namna ya kupanga ajenda ya mkutano mkuu wa kijiji ili wananchi waje, wabaki na waamue

Kijijini hakuna chombo kilicho juu ya mkutano mkuu. Nchini Tanzania, Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inamfanya kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea kuwa mjumbe wake, na mkutano wa kawaida unatakiwa kuitishwa angalau mara moja kila miezi mitatu. Pamoja na uzito huo, vijiji vingi hulalamika kwamba watu hawaji, au wanakuja na kuondoka kabla ya maamuzi. Wanaoambiwa hawana mwamko ni wananchi. Lakini ukiichukua karatasi ya ajenda ukaisoma kwa macho ya mama aliyeacha chungu jikoni, utaona mara nyingi hakuna kitu ndani yake kinachomhusu: kufungua mkutano, kusoma muhtasari, yatokanayo, taarifa ya mtendaji, taarifa ya kamati ya kwanza, ya pili, ya tatu, mengineyo, kufunga. Hiyo ni ratiba ya ofisi. Yaliyomtoa mtu nyumbani yote yamesukumwa kwenye "mengineyo", saa ambayo yeye ameshaondoka.

Maelekezo haya ni kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, ambao ndio huandaa ajenda, pamoja na wenyeviti wa vitongoji, kwani bila wao kazi haianzi.

Anza na vitongoji, wiki nne kabla

Kila mwenyekiti wa kitongoji aitishe kikao kifupi cha kitongoji chake, au apite kwenye sehemu ambazo watu hukusanyika wenyewe: kisimani, mashine ya kusaga, kijiwe cha bodaboda, josho, vikundi vya kuweka na kukopa. Aulize swali moja tu: "Ni jambo gani mnataka lijibiwe au liamuliwe kwenye mkutano mkuu?" Usiulize "mna maoni gani", maana utaletewa malalamiko yasiyo na mwisho. Kila kitongoji kilete maswali matatu, yameandikwa kwa maneno ya wenyewe waliouliza, na pembeni ya kila swali paandikwe ni watu wa aina gani wameuliza: wakulima wa bondeni, wafugaji, wanawake, vijana, wazee, watu wenye ulemavu.

Hapo kuna mtego. Mwenyekiti wa kitongoji akikusanya maswali barazani kwake, atapata maswali ya wanaume watu wazima, kwa sababu ndio wanaokaa barazani. Ili maswali ya wanawake yafike, mjumbe mwanamke wa halmashauri ya kijiji aende kwenye vikundi vyao. Ya vijana yafuatwe jioni. Kijiji chenye vitongoji sita kitapata maswali 18. Mengi yatafanana, na ndivyo inavyotakiwa, kwa kuwa swali lililotoka vitongoji vinne tayari limekuonyesha ajenda yako kubwa.

Chambua katika mafungu matatu

Mtendaji na mwenyekiti wakae na maswali hayo kabla ya kikao cha halmashauri ya kijiji. Fungu la kwanza ni mambo ya kuamua, yanayohitaji kura ya mkutano. La pili ni mambo ya kutaarifiwa, ambayo wananchi wanahitaji kuyajua na kuyahoji. La tatu ni yale yasiyo ya mkutano huu: ugomvi wa mpaka kati ya majirani wawili uende baraza la ardhi la kijiji, na nguzo ya umeme iliyolala iandikiwe barua leo bila kusubiri mkutano. Fungu la tatu lisitupwe. Kila swali lipate jibu kupitia kitongoji kilikotoka, la sivyo robo ijayo hakuna atakayekuletea swali tena.

Mambo ya kuamua yasizidi mawili kwa mkutano mmoja. Yakiwa matatu au manne, la mwisho litapitishwa na watu waliobaki wachache, na wiki inayofuata nusu ya kijiji itasema haikushirikishwa.

Yako mambo ambayo hata kama hayakuulizwa lazima yawepo. Mapato na matumizi ni la kwanza. La pili ni ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaitaka halmashauri ya kijiji itoe taarifa ya usimamizi wa ardhi katika kila mkutano mkuu wa kawaida na kusikiliza maoni ya wananchi, na hairuhusu halmashauri kugawa ardhi ya kijiji bila idhini ya mkutano mkuu kutangulia. Kwa hiyo ombi la ardhi liandikwe kwenye ajenda kwa jina lake: eneo liko kitongoji gani, ni ekari ngapi, linaombwa kwa kazi gani. Kuliingiza ombi la ardhi ndani ya "mengineyo" ni kosa kubwa kuliko yote yanayofanywa katika mikutano hii. Migogoro inayowafikisha watu mahakamani kwa miaka huanzia hapo, kwenye mstari mmoja wa muhtasari ambao hakuna anayekumbuka kuupitisha.

Iandike kila ajenda kama swali

Hatua hii haichukui hata nusu saa, lakini tofauti yake inaonekana siku ileile tangazo linapobandikwa. Badala ya "Taarifa ya maji", andika "Kisima cha Mlimani kimesimama: tutengeneze pampu au tununue mpya, na fedha itoke wapi?" Badala ya "Migogoro ya wakulima na wafugaji", andika "Njia ya mifugo kwenda mtoni ipite wapi msimu huu?" Mtu akisoma swali anajua kama linamgusa, anakuja na jibu kichwani, na mwenyekiti anapata kipimo cha kumrudisha msemaji anayetoka nje ya hoja. Ajenda isiyogeuka kuwa swali pengine ni tangazo tu. Ipe dakika tano au ibandike ukutani.

Hesabu dakika na wasemaji

Mkutano wa wazi usizidi saa tatu, yaani dakika 180. Mtu mmoja akisema kwa dakika mbili, na dakika moja nyingine ikaliwa na kupokezana kipaza sauti, ajenda iliyopewa dakika 36 za michango inatosha wasemaji 12 tu. Kama ajenda inagusa makundi manne, ni watu watatu kila kundi. Ukifanya hesabu hii mapema, hutashangaa pale wafugaji watakapolalamika kwamba wamesema wakulima peke yao. Utakuwa umeshatangaza mwanzoni: watatu watatu, kwa zamu, wanawake wakianza pale wanapohusika zaidi.

Mfano wa ajenda ya mkutano unaoanza saa 3:00 asubuhi na kuisha saa 6:00 mchana:

1. Kufungua, sala na dua, kuridhia ajenda: dakika 10
2. Yaliyoazimiwa robo iliyopita yamefikia wapi? Dakika 20
3. Njia ya mifugo kwenda mtoni ipite wapi msimu huu? (kuamua): dakika 50
4. Fedha za kijiji zimeingia ngapi na zimetumikaje? Dakika 35
5. Taarifa ya ardhi, na ombi la ekari mbili za kitalu cha miche (kuamua): dakika 25
6. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri ya wilaya: nani anaweza kuomba, na vipi? Dakika 15
7. Mengineyo: dakika 15
8. Kusoma maazimio na kufunga: dakika 10

Jambo zito limewekwa la tatu, saa 3:30, wakati wachelewaji wameshafika na wapishi hawajaanza kuondoka. Dakika zake 50 zimegawika hivi: nane za maelezo, 36 za michango, sita za kupiga kura na kuandika azimio. Namba 6 imewekwa mbali kwa makusudi. Mikopo hiyo hutoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ya wilaya, na hutengwa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na makundi hayo ndiyo huwa ya kwanza kuondoka. Wakijua habari zake zipo mbele, watabaki. Afisa maendeleo ya jamii aje na orodha ya mahitaji imeandikwa, ibaki ukutani baada ya mkutano.

Kama wakazi wengi wanaielewa zaidi lugha yao ya nyumbani kuliko Kiswahili, weka mkalimani, na ajenda ya kuamua uiongezee muda karibu mara mbili. Usipoongeza, mkalimani atafupisha, na watu watapigia kura kitu ambacho hawakukisikia chote. Akiwepo kiziwi anayetumia lugha ya alama, mkalimani wake akae mbele kwenye mwanga, upande mmoja na meza kuu.

Fedha: mistari minne kwanza

Ajenda ya mapato na matumizi ndiyo huwachosha watu zaidi, na sababu yake ni moja: mtendaji husoma vocha moja baada ya nyingine. Andika kwanza mistari minne kwa makapeni kwenye karatasi ya bango kitita, herufi za kusomeka kutoka viti vya nyuma. Kwa mfano: salio la mwanzo 1,240,000, zilizoingia 3,610,000, zilizotoka 3,985,000, salio la sasa 865,000. Chini yake orodhesha matumizi matano makubwa. Maelezo dakika kumi, maswali dakika 25. Vocha na stakabadhi ziwe mezani, na atakayetaka kuona moja aonyeshwe palepale. Karatasi hiyo ikimaliza kazi, ibandikwe kwenye mbao za matangazo za ofisi. Wananchi huchukia zaidi kusomewa haraka haraka kuliko kuambiwa kwamba fedha zimepungua.

Siku na saa

Ajenda nzuri ikiwekwa siku mbaya imepotea. Angalia siku ya mnada au gulio, Ijumaa mchana, Jumapili asubuhi, na ratiba ya kliniki ya watoto. Wakati wa palizi na mavuno, asubuhi watu wako shamba: hamishia mkutano saa 9:00 alasiri, upunguze ajenda hadi dakika 120, na uache nafasi ya swala ya alasiri. Mwezi wa Ramadhani mkutano uwe wa asubuhi na mfupi. Katika vijiji vya wafugaji, kiangazi kikali kikihamisha mifugo, usipeleke mbele ya mkutano jambo la malisho wakati wenye mifugo hawapo.

Tangazo litoke siku 14 kabla, likiwa na maswali yote ya ajenda na muda wa kila moja. Libandikwe ofisini, shuleni, zahanati, msikitini na kanisani, kwa ruhusa ya wahusika. Siku tatu kabla likumbushwe kwa kipaza sauti au mpiga mbiu. Andika nyakati mbili: "kufika saa 2:30, ajenda ya kwanza saa 3:00", kisha anza saa 3:00 kweli, hata kama watu hawajajaa. Kijiji kilichozoea kusubiriana kitabadilika baada ya mikutano miwili mitatu, wala si mmoja.

Yanayoharibu siku yenyewe

Mgeni. Diwani, mtaalamu wa wilaya au mfadhili akifika bila kuwemo kwenye ajenda, kuna hatari ya hotuba ya dakika 40, na dakika hizo zitatoka kwenye ajenda ya kuamua. Mgeni anayejulikana apewe dakika tano na aambiwe kabla ya siku hiyo, kwa heshima. Anayefika ghafla aombwe kusema kwenye mengineyo. Wataalamu wengi huelewa wakionyeshwa ratiba iliyoandikwa.

Mengineyo. Tangaza mapema kwamba hakuna azimio litakalopitishwa hapo. Linaloletwa linaandikwa na kupelekwa halmashauri ya kijiji, likifaa liwe ajenda robo ijayo.

Kura. Kupiga makofi si kura. Weka wahesabu kura wawili kila upande, namba zitajwe kwa sauti na ziandikwe. Kila azimio liwe na kitendo, mhusika na tarehe: "Kamati ya ulinzi na usalama, pamoja na wafugaji wawili na wakulima wawili, iweke alama za njia ya mifugo kabla ya tarehe 30." Azimio la "suala lishughulikiwe" usiliandike kabisa, kwa sababu robo ijayo hakuna utakayemuuliza.

Mahudhurio yaandikwe kwa daftari la kila kitongoji, jina na jinsi, na watu wahesabiwe mara nne: ajenda ya pili ikianza, baada ya kura ya kwanza, baada ya ajenda ya fedha, na wakati wa kusoma maazimio. Weka hesabu hizo nne pembeni ya ratiba. Kama baada ya kura ya kwanza walikuwa 210 na baada ya ajenda ya fedha wakabaki 120, ajenda hiyo ndiyo ya kufupishwa au kuhamishwa mara nyingine. Kama kitongoji kimoja kilileta watu wanane tu, angalia kama swali lao hata moja liliingia kwenye ajenda, halafu mkutano ujao anza kukusanya maswali kwao.