Busta za nyanya: ipi ipigwe, kwa kipimo gani na wakati gani

Kabla ya kununua chupa ya busta, yaani ile "vitamini" ya nyanya inayopigwa kwenye majani, igeuze usome upande wa nyuma. Nyingine zina virutubisho: naitrojeni, fosforasi, potasiamu, magnesiamu, kalsiamu, boroni, zinki. Nyingine zina vichochezi: dondoo za mwani, amino asidi au homoni. Ikiwa lebo haitaji kilichomo na asilimia zake, au haina usajili wa TFRA (mamlaka ya udhibiti wa mbolea Tanzania), irudishe rafuni. Hutaweza kujua unachotibu.

Fanya hesabu ndogo. Bomba la lita 16 lenye gramu 50 za NPK 19:19:19 (mbolea ya naitrojeni, fosforasi na potasiamu; naitrojeni ni asilimia 19) lina naitrojeni gramu 9.5. Ukipiga mabomba 10 kwenye ekari, umelipatia shamba naitrojeni gramu 95. Mfuko mmoja wa CAN (mbolea ya kukuzia) wa kilo 50 una naitrojeni kilo 13 hivi. Kwa hiyo anayeruka samadi na mbolea ya kukuzia akitegemea busta atavuna nyanya ndogo, hata akipiga kila wiki. Busta inalipa pale mizizi inaposhindwa kufanya kazi kwa muda: baada ya kuhamisha miche, wakati wa baridi kali, au shamba likiwa limetuamisha maji. Inalipa pia kwa virutubisho vinavyohitajika kidogo kidogo.

Miche ikishashika, siku 10 hadi 14 baada ya kuhamishwa, piga 19:19:19 kwa kipimo hicho cha gramu 50 kwa bomba, kisha rudia baada ya wiki mbili. Majani ya chini yakianza kuwa njano katikati ya mishipa huku mishipa yenyewe ikibaki kijani, mmea unakosa magnesiamu. Weka magnesiamu salfeti gramu 160 kwa bomba la lita 16, urudie mara mbili au tatu kila baada ya siku 10 hadi 14. Maua yakianza, boroni husaidia utungaji wa matunda, lakini fuata lebo bila kuongeza hata kijiko: tofauti kati ya kiasi kinachosaidia na kinachounguza majani ni ndogo mno. Na ikiwa maua yanapukutika kwa sababu ya joto, mchana ukipita nyuzi 32 na usiku nao ukiwa wa joto, chavua ndiyo iliyoharibika. Hakuna busta inayorudisha hilo.

Kalsiamu ndiyo inayowapotezea wakulima fedha nyingi. Tunda linaanza na doa la majimaji kitakoni, kisha doa linageuka kahawia au jeusi, linabonyea na kukauka kama ngozi. Wengi hudhani ni ukungu, wakaongeza dawa ya ukungu bila mafanikio. Huko ni kuoza kitako, na chanzo chake ni tunda kukosa kalsiamu lilipokuwa dogo. Kalsiamu hupanda na maji kutoka kwenye mizizi, na nyingi huishia kwenye majani yanayopoteza maji kwa wingi. Ikishafika kwenye jani, hairudi tena kwenye tunda. Ndiyo maana kulowesha majani ya juu peke yake hakusaidii kitu.

Piga kalsiamu naitreti gramu 80 kwa bomba la lita 16, ukielekeza maji kwenye vichala vyenyewe, kuanzia matunda yakiwa na ukubwa wa punje ya mbaazi. Rudia kila baada ya siku 7 kwa wiki tatu. Tunda likishakuwa kubwa, ngozi yake haipitishi tena cha maana, na lililokwisha kuoza halitapona. Lichume ulitoe ili mmea ulishe mengine. Aina ndefu kama Rio Grande hupatwa zaidi.

Hata hivyo, dawa kubwa ya kuoza kitako ni maji. Shamba linaloachwa likauke hadi majani yanyauke, kisha likafurikishwa, litaoza vitako hata ukilipiga kalsiamu. Mwagilia kidogo kidogo kwa vipindi vinavyolingana, weka matandazo ya nyasi kavu, na usizidishe urea wakati wa matunda. Udongo ukipimwa na pH (kipimo cha uchachu wa udongo) ikawa chini ya 5.5, weka chokaa ya kilimo wiki kadhaa kabla ya kupanda.

Usichanganye kalsiamu na magnesiamu salfeti wala na busta yenye fosforasi. Vinagandamana na kuwa unga mweupe unaoziba nozeli, na mmea haupati kitu. Usiichanganye na dawa za kopa (dawa za ukungu zenye shaba) pia. Ukitaka kujaribu mchanganyiko wowote, tia kila kitu kwa uwiano uleule kwenye chupa ya maji safi, tikisa, subiri nusu saa. Ukiona mashapo, mafuta juu au povu zito, piga kila kimoja siku yake.

Yeyusha mbolea kwanza kwenye ndoo, chuja kwa kitambaa, ndipo umimine bombani. Piga kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 11 jioni, na hakikisha upande wa chini wa majani umelowa. Jua kali hukausha matone upesi, chumvi ikabaki na kuunguza kingo za majani. Bidhaa mpya ijaribu kwenye mimea michache, ukae siku mbili kabla ya shamba zima. Vichochezi vya homoni vikizidi kipimo hutoa majani yaliyojikunja na nyanya zenye uwazi ndani, nyepesi, zisizopendwa sokoni.

Bomba lililopiga dawa ya magugu ya 2,4-D lisiguse nyanya kabisa. Mabaki madogo tu, hata baada ya kuoshwa, yanatosha kusokota majani machanga na kuharibu matunda, na dalili zake hufanana na za virusi. Tenga bomba moja kwa nyanya, uliandike kwa rangi.