Programu ya paspoti saizi: nilivyoitengeneza peke yangu hadi ikafika Play Store

Shemeji yangu ana kibanda cha picha mjini Tanga, karibu na geti la ofisi za serikali, mahali ambapo kila anayetoka ndani ameshaambiwa "nenda kalete paspoti saizi nne". Kamera yake ilipoingia maji ya mvua alianza kupiga kwa simu. Picha anaituma WhatsApp kwa kijana wa steshenari ya jirani, kijana anaikata na kuiprinti, wanagawana hela. Ikichelewa, mteja ananung'unika. Ikitoka uso umebonyea kama umekaliwa, mteja halipi. Siku moja akaniuliza, "Shemeji, wewe si ndiye mtu wa kompyuta? Hii simu haiwezi kufanya yote yenyewe?"

Inaweza. Ilinichukua miezi minane ya jioni na Jumapili. Naandika nilivyofanya, pamoja na mambo ambayo ningeyaruka kama ningeanza upya.

Kaa kwenye benchi kabla ya kufungua laptopu

Wazo langu la kwanza lilikuwa programu ya kurembesha picha: rangi za machweo, stika, masikio ya paka. Niliiacha baada ya wiki mbili, na ni bora niliiacha. Huko kuna makampuni yenye watu na fedha, wewe una laptopu moja na umeme wa kubahatisha. Tafuta kazi ndogo ambayo mtu anailipia leo, kisha ukae naye umtazame.

Nilikaa kibandani siku mbili na daftari. Nilitoka na haya: picha inayoombwa zaidi ni milimita 35 kwa 45. Kwa uchapaji wa nukta 300 kwa inchi hiyo ni pikseli 413 kwa 531. Hati za kusafiria hufuata utaratibu wa kimataifa unaotaka uso uchukue asilimia 70 hadi 80 ya picha. Wanaojaza bahati nasibu ya Green Card (kibali cha kuishi Marekani) wanataka kitu kingine kabisa: JPEG ya mraba, pikseli 600 kwa 600, faili lisizidi KB 240. Msimu wa hiyo ukifika, foleni hutoka kibandani hadi barabarani. Basi tayari nilikuwa na vitufe viwili vya programu, na sikuhitaji cha tatu kwa muda mrefu.

Vifaa

Android tu. Akaunti ya kuweka programu kwenye duka la Apple ni dola 99 kila mwaka na inabidi uwe na Mac. Ya Google Play ni dola 25, unalipa mara moja. Katika siku zile mbili za benchi niliona iPhone moja, nayo ilikuwa ya mtu aliyekuja kuuliza njia.

Niliandika kwa Kotlin, lugha ya kuandikia programu za Android, ndani ya Android Studio, karakana ya kuzitengenezea, kwenye laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 8. Usijaribu kuwasha emulator (simu ya kuigiza ndani ya kompyuta) kwenye mashine ya namna hiyo, utasikia feni ikilia kama kinu. Chomeka simu halisi kwa waya, washa hali ya wasanidi, jaribu humo. Halafu pakua maktaba zote (misimbo iliyoandikwa na wengine ambayo programu yako inaitumia) usiku kifurushi kikiwa rahisi, mchana uiweke Gradle, chombo kinachounganisha vyote kuwa programu, katika hali ya nje ya mtandao.

Simu ya kujaribia iwe mbaya kuliko ya mteja wako. Yangu ina RAM ya GB 2 na kioo kilichopasuka pembeni. Ndiyo iliyonifundisha kazi.

Uso mweusi mbele ya ukuta mweupe

Mteja wa kwanza wa toleo langu la kwanza alikuwa mama mmoja wa makamo. Nikamwamkia, nikampanga mbele ya shuka jeupe, nikapiga. Akaitazama picha, akanirudishia simu taratibu. "Mwanangu, huyu nani? Mimi ni mweusi, ndiyo, lakini macho ninayo."

Alikuwa sahihi, macho hayakuonekana. Kamera ya simu hupima mwanga wa fremu nzima na kutafuta wastani. Nyeupe ikijaa fremu, simu hudhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso ndio unaoumia. Programu ya picha itakayotumiwa na watu wetu ikishindwa hapa, mengine yote ni mapambo.

Nilitatua kwa hatua tatu. Kwanza, ML Kit, maktaba ya Google ya kutambua nyuso, inatafuta uso wakati mtu bado anajipanga, na mahali ulipo uso napapeleka kwenye CameraX, maktaba inayoendesha kamera, kupitia FocusMeteringAction, ili simu ipime mwanga usoni, isipime ukutani. Kuwa makini na vipimo vya sanduku la uso, ule mraba ambao ML Kit inauzungushia uso: vinatolewa kwenye picha ya uchambuzi, ambayo ukubwa na mwelekeo wake havilingani na unachokiona kwenye kioo. Mimi nilipima mwanga wa bega la watu kwa wiki nzima bila kujua. Chora sanduku lenyewe kwenye kioo wakati wa kutengeneza, utaona mara moja limekaa wapi.

Pili, napandisha mwanga kidogo kidogo kwa setExposureCompensationIndex. Usiandike namba moja ukadhani itafaa kila mahali. Kila simu ina kiwango chake cha chini na cha juu, uliza kwanza, na nyingine zitakujibu kwamba haziwezi kabisa.

Tatu, na hii ndiyo iliyosaidia kuliko zote, naangalia wastani wa mwanga ndani ya sanduku la uso, na ukiwa mdogo naandika juu ya kioo: "Sogea dirishani." Nilikuwa nimejaribu kung'arisha picha baada ya kupigwa, ikawa inatoka chenga tupu. Dirisha linashinda hesabu zangu zote.

Sanduku la ML Kit pia haliishii utosini, linaacha nywele na sehemu ya paji la uso. Ukikata picha kwa kulifuata, utakata watu vichwa. Niliprinti picha thelathini za ndugu na majirani, nikapima kwa rula toka kidevuni hadi utosini, nikalinganisha na sanduku, nikapata kiasi cha kuongeza juu. Kwa mwenye nywele nyingi au kilemba bado nimeacha mpiga picha aburute mstari kwa kidole, maana hakuna wastani unaowatosha wote.

Kuhusu kubadilisha rangi ya nyuma kwa programu: nilijaribu, nikaitoa. Afro ilikuwa inatoka imekatwa kama ua la michongoma, na ushungi mweupe ulimezwa na ukuta. Tena kwa visa ya Marekani hawataki picha iliyochezewa. Kata, punguza ukubwa, basi.

Jambo moja dogo kuhusu kamera ya mbele. Kwenye kioo mtu hujiona kama kwenye kioo cha ukutani, lakini picha ya kitambulisho haipaswi kugeuzwa hivyo. Wapo watakaokuambia "hii si sura yangu". Ndiyo hiyo wanayoiona wengine.

Picha inayolala na simu inayozimika

BitmapFactory, sehemu ya Android inayofungua picha, haisomi alama ya EXIF (maelezo yaliyomo ndani ya faili la picha) inayosema picha ilipigwa simu ikiwa imeinamishwa vipi. Kwa hiyo simu nyingine zitakupa mtu aliyesimama wima, nyingine mtu amelala ubavu kama mgonjwa. Soma ExifInterface: 6 ni kuzungusha nyuzi 90, 3 ni 180, 8 ni 270. Zungusha kwanza, kata baadaye.

Kumbukumbu nayo. Kila pikseli hula baiti nne. Picha ya megapikseli 12 ni takriban MB 48 ikishafunguliwa, na ya megapikseli 50 ni kama MB 200, ambayo simu yangu yenye kioo kilichopasuka haikuweza kuimeza. Programu ilijifunga bila hata kuaga. Weka inSampleSize, kipimo cha kupunguza picha wakati wa kuifungua, iwe 2: upana na urefu vinagawanywa kwa mbili, na zile MB 48 zinashuka hadi 12, na bado una pikseli za kutosha kwa picha ya 413 kwa 531. Kwa picha kubwa zaidi weka 4.

Kwa ile ya Green Card, hifadhi JPEG kwa ubora wa 95, pima faili, likizidi KB 240 shusha kwa 5 na urudie. Mistari sita ya msimbo.

Karatasi na rula

Karatasi ya picha ya inchi 4 kwa 6 ni pikseli 1200 kwa 1800. Ukiilaza zinaingia safu nne kwa mbili, picha nane, na kunabaki nafasi ya kukatia. Hesabu ni rahisi. Shida iko steshenari: printa nyingi zimewekwa zitanue picha zijaze ukurasa, na milimita 35 zinageuka 37 bila mtu kujua, hadi fomu irudishwe dirishani.

Siwezi kumrekebishia kila mtu printa yake. Kwa hiyo nilichora ukingoni mwa karatasi mstari mwembamba wa pikseli 591, ambao ukichapwa sawasawa ni sentimita 5 kamili, nikaandika chini yake "pima hapa". Kijana wa steshenari anaweka rula. Ikisoma 5, anakata. Isiposoma 5, anarudi kwenye printa kabla ya kupoteza karatasi ya pili. Kati ya vyote nilivyotengeneza humo ndani, mstari huu ndio shemeji anaousifia mbele za watu.

Watu kumi na wawili, siku kumi na nne

Sasa Play Store. Akaunti binafsi iliyofunguliwa baada ya 13 Novemba 2023 hairuhusiwi kutoa programu kwa umma moja kwa moja. Sharti upitie jaribio la faragha. Mwanzoni walitaka wajaribu 20, Desemba 2024 wakashusha hadi 12, nao wabaki wamejiunga siku 14 mfululizo.

Kumi na wawili nilidhani ni wa kuokota. Nikaenda kijiweni kwa bodaboda, nikawaomba barua pepe zao. "Kaka, hiyo Gmail nilifunguliwa na aliyeniuzia simu." Saba kati ya kumi jibu lilikuwa hilo. Basi nikawa nashika simu ya mtu mwenyewe akiwa pembeni, nafungua Play Store, naonyesha ile anwani pale juu, nainakili herufi kwa herufi. Kisha unawatumia kiungo, na kila mmoja akifungue akubali kujiunga kwa akaunti ileile. Kupakua tu haitoshi.

Siku ya tisa binamu yangu alifuta simu yake yote, akafungua Gmail mpya, akasahau ya zamani. Nikabaki na kumi na mmoja. Kusanya ishirini tangu mwanzo. Na watumie kweli, kwa sababu ukiomba kuingia kwa umma utaulizwa wajaribu walisema nini na wewe ulibadilisha nini. Mimi nilikuwa na cha kuandika: bodaboda mmoja alilalamika kitufe cha kupiga kiko chini mno, anakigusa kwa kiganja. Nilikipandisha. Majibu ya ombi kwa kawaida huja ndani ya siku saba.

Ukurasa wa dukani uandike kwa Kiswahili pia, upo kwenye orodha ya lugha. Jina lisizidi herufi 30, maelezo mafupi 80. Picha za mfano tumia uso wako au wa mtu aliyekubali. Mimi nilimwomba shangazi, akataka kwanza aende saluni.

Siri za watu na hela

Hakuna picha inayotoka kwenye simu. Sina seva, sina akaunti za watumiaji. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na njia rahisi ya kulinda sura za watu ni kutozikusanya. Ruhusa ninayoomba ni ya kamera peke yake. Mtu akitaka picha ya zamani anaichagua kwenye kichagua picha cha Android, ambacho hakihitaji ruhusa yoyote, na kwa Android 10 na kuendelea kuhifadhi kupitia MediaStore (ghala la picha la simu) nako hakuhitaji. Sera ya faragha ni lazima hata hivyo, ukurasa mmoja unatosha.

Matangazo niliyaweka mwezi mmoja nikayatoa. AdMob, huduma ya matangazo ya Google, hailipi hadi ufikishe dola 100, na mteja akiona tangazo la kamari juu ya uso wake anamtazama shemeji, hanitazami mimi. Sasa kupiga ni bure, ile karatasi ya picha nane inalipiwa mara moja. Google inachukua asilimia 15. Jua pia kwamba ukianza kuuza kwa akaunti binafsi, anwani yako kamili inaonekana dukani.

Ikishatoka

Nakili faili la ufunguo wa kusaini, linalothibitisha kwamba programu ni yako, mahali pawili. Kila mwaka Agosti itabidi upandishe toleo la Android unalolenga, la sivyo Google wanakuzuia kusasisha, kwa hiyo weka Julai wazi. Tazama takwimu za kujifunga: zikivuka asilimia 1.09 ya watumiaji wa siku, duka linaanza kukuficha.

Na jibu maoni, una herufi 350. Wa juzi alinipa nyota mbili, akataka nyuma kuwe kwekundu kwa ajili ya fomu ya chuo. Nilimwandikia, "Pole ndugu, programu haibadilishi rangi. Nunua mita mbili za kitambaa chekundu, kitundike mbali na dirisha, usimame hatua mbili mbele yake." Akapandisha hadi nyota nne.